Namna ya kujiunga na timu ya mtaani Ujerumani hadi upate watu wa kukuulizia

Jumanne moja ya Novemba mvua ilinyesha tangu asubuhi, na kufika saa kumi na moja jioni giza lilikuwa limeshaingia. Nilirudi kutoka kazini nikajitupa kitandani na koti langu. Saa moja na dakika tano simu ikalia. Ujumbe wa nahodha, maneno matatu tu: „Wo bleibst du?“ Uko wapi, mbona hufiki? Nilikuwa na miezi minne katika mji ule mdogo wa jimbo la Hesse, na kazini nilikuwa nikiulizwa kuhusu zamu tu. Huyu aliuliza kwa sababu pale uwanjani palikuwa na nafasi yangu na mimi sikuwepo. Nikavaa viatu nikatoka.

Tangu siku hiyo, yeyote anayekuja huku kwa masomo, kwa mafunzo ya uuguzi au kwa kumfuata mwenzi wake, akiniuliza atapata wapi marafiki, namwambia aende kwenye klabu ya michezo iliyo jirani naye. Ila kuna namna ya kwenda. Wengi hushindwa kwa sababu wanakwenda kama tulivyozoea nyumbani. Kwetu unafika uwanjani saa kumi jioni na viatu mkononi, unakaa pembeni, mtu akipungua unaitwa, na kesho yake una jina la utani. Ujerumani ukikaa pembeni ya uzio utakaa hadi taa zizimwe. Watu hao hawana roho mbaya. Hawajui tu kwamba unasubiri kuitwa.

1. Jua klabu ni kitu gani huku

Ukisikia klabu usimfikirie tajiri aliyenunua timu. Klabu ya Kijerumani, Verein kwa lugha yao, ni chama cha wanachama. Watu saba wanatosha kukiandikisha, na ukiona herufi e.V. mwishoni mwa jina, hicho ni chama kilichosajiliwa. Mwenyekiti, mweka hazina, anayechora mistari ya uwanja, anayefundisha watoto wa miaka sita: karibu wote wanajitolea baada ya kazi zao. Nchi nzima ina klabu za michezo zaidi ya 80,000, kwa hiyo hata vijiji vyenye kanisa moja na duka moja la mikate mara nyingi vina klabu yao.

Nyingi ni za zamani. Wapenzi wa soka la Ujerumani wanazijua Schalke 04, Mainz 05, Hannover 96 na 1860 München. Namba zile ni miaka ya kuzaliwa kwa klabu: 1904, 1905, 1896, 1860. Tazama nembo ya klabu ya kijiji chako, huenda ukakuta mwaka kama huo. Kipa wa timu yetu alikuwa mjukuu wa kipa. Kuingia uwanja wa namna hiyo na kuanza kupiga mpira ni sawa na kuingia ua wa watu bila hodi. Ukibisha hodi inavyotakiwa, unakuwa mwanachama kama huyo mjukuu, mwenye haki zilezile.

Ada yangu ilikuwa euro 10 kwa mwezi. Uliza kama kuna punguzo la wanafunzi. Na kama una watoto wa chini ya miaka 18 na familia yenu inapokea msaada wa serikali, ukiwemo ule wa waomba hifadhi, waombee fedha za Bildung und Teilhabe: euro 15 kwa mwezi kwa kila mtoto, kwa michezo, muziki na shughuli kama hizo. Wazazi wengi wetu huwazuia watoto kwa kuogopa gharama ambayo imeshapangiwa fungu.

2. Chagua timu unayoweza kuifikia kwa baiskeli

Mazoezi huanza saa moja au saa moja na nusu usiku, mara mbili kwa wiki, na yakiisha basi la mwisho limeshapita. Nimeona vijana wenye kipaji wakijiunga na timu ya daraja la juu umbali wa kilomita 30, wakaacha kabla ya Krismasi. Timu ya jirani ina faida nyingine: unaowapigia pasi Jumanne unakutana nao Jumatano kwenye foleni ya duka.

Kuhusu kiwango, usijidanganye wala usijidharau. Chini ya ligi za kulipwa kuna ngazi nyingi, na chini kabisa ni Kreisliga, ligi za wilaya zenye madaraja yake. Mtu aliyecheza michuano ya mtaa Dar es Salaam au Mombasa atajikuta yuko sawa huko, japo atashangazwa na mambo mawili: mabeki hawachezi na mpira nyuma hata kidogo, na wenye tumbo la miaka arobaini wanajua kusimama mahali pake. Waliopita miaka 32 wana timu zao zinazoitwa Alte Herren. Usione aibu kuanzia huko. Hao ndio wenye funguo za jengo, wenye karakana, na wanaojua ni nani anapangisha nyumba.

Dada zangu mliocheza netiboli shuleni, nisikilizeni hapa. Huku mchezo huo karibu haupo. Utatafuta usiupate, kisha utajiona huna mchezo. Nenda kwenye mpira wa mikono. Timu ina wachezaji saba uwanjani kama netiboli, na kanuni inakupa sekunde tatu za kukaa na mpira, zilezile ambazo mikono yako imeshazizoea. Utakachojifunza upya ni kukimbia na kudundisha, na kukubali kushikwa. Netiboli inamtaka mlinzi akae umbali wa sentimita 90, ila hapa atakukumbatia kifuani na mwamuzi ataona sawa. Wiki mbili za mwanzo utarudi na alama za vidole kwenye mikono. Kama hilo hulitaki, mpira wa wavu wa burudani upo karibu kila mahali, wanawake na wanaume pamoja, bila ligi.

Swali ninaloulizwa sana: kwa nini nisiende kwenye timu ya Waafrika wenzangu? Nenda. Wahamiaji wa Kituruki walijenga Türkgücü München mwaka 1975 na Türkiyemspor ya Berlin mwaka 1978, na klabu hizo zilikuwa nyumba kwa watu ambao milango mingine ilikuwa haijafunguka. Bonanza la Jumamosi na wenzetu, mnacheza mkipiga kelele kwa Kiswahili, lina dawa yake. Ushauri wangu ni kuwa jina lako kwenye ligi liandikwe pale unapoishi, na bonanza uende siku ambazo hakuna mechi. Ukiugua katikati ya wiki, wa bonanza wako mbali.

3. Andika ujumbe kabla ya kwenda

Kwenye tovuti ya klabu utakuta jina na namba ya kocha wa kila timu. Usiogope Kijerumani chako. Ujumbe wa mistari mitatu unatosha: „Hallo, ich heiße … und bin 24 Jahre alt. Ich bin neu hier und spiele im Mittelfeld. Darf ich zum Probetraining kommen?“ Yaani jina, umri, wewe ni mgeni, unacheza kiungo, je, naweza kuja kufanya mazoezi ya majaribio? Taja nafasi unayocheza kwa kweli. Ukiandika unacheza popote, kocha hajui akuweke wapi, na utapelekwa beki ya kushoto, ambako daima kuna pengo.

Asipojibu siku nne, andika tena au mpigie. Makocha hawa ni mafundi umeme na walimu, ujumbe unawapotea. Nilipotuma wangu wa kwanza sikujibiwa, nikakaa wiki tatu nikiamini nimekataliwa.

4. Siku ya kwanza

Fika dakika 20 kabla. Saa moja huku ni saa moja, na anayefika saa moja kamili na viatu mkononi ameshachelewa. Beba kinga za ugoko, maji, taulo, na viatu vinavyofaa uwanja. Njumu za chuma haziruhusiwi kwenye nyasi bandia.

Ukiingia chumba cha kubadilishia, salimia mmoja mmoja. Pita kwenye mabenchi yote, mpe kila mtu mkono au ngumi, taja jina lako. Wageni wengi huingia kimya wakakaa kona kwa adabu, na hiyo inasomeka kama majivuno. Hapo mila yetu ya kuzungukia watu wote kwa mkono inafanana kabisa na yao. Kigumu ni upande mwingine: kocha mwenye umri wa baba yako utamwita kwa jina lake tupu. Mimi niliyelelewa kwa shikamoo ilinichukua mwezi mzima, na nikimwita neno la heshima aliona namweka mbali. Mwite jina lake. Heshima yako utaionyesha kwa kuokota mipira.

Bafu ni moja, la wazi, na wanaoga uchi pamoja. Kama dini au malezi hayakuruhusu, ogea na bukta au kaoge nyumbani. Hakuna atakayekusumbua ukisema waziwazi mara moja. Usitoroke tu kila siku bila kuaga.

Uwanjani jifunze maneno haya kabla hata ya sarufi. „Hintermann!“ ni adui yuko mgongoni kwako. „Zeit!“ una nafasi, tulia. „Klatsch!“ rudisha kwa mguso mmoja. „Raus!“ pandeni wote, acheni eneo la hatari. Na mtu akipiga kelele „Leo!“, usimtafute Leo, hilo ni neno la mchezaji kusema mpira huu ni wangu, niachieni. Siku nilipolitamka mimi kwa mara ya kwanza kwenye kona, beki wawili warefu wakanipisha bila kugeuka. Niliupiga mpira kichwa ukaenda mbali, na moyoni nilijua kuwa neno langu limesikika.

5. Karatasi

Ukikubalika utajaza fomu ya uanachama, kisha klabu itakuombea kibali cha kucheza ligi. Utaulizwa kama umewahi kusajiliwa nchi nyingine. Kama una kadi ya TFF, FKF au shirikisho lingine, sema kweli, kwa sababu Ujerumani lazima iombe hati ya uhamisho kutoka huko na uongo ukigundulika unaiponza timu. Inaweza kuchukua wiki kadhaa. Wewe endelea kuja mazoezini. Wengi huacha kwenye kipindi hiki hiki cha kungoja.

Niseme na hili kwa uzito. Mtu yeyote akikuomba fedha ukiwa Tanzania au Kongo akuahidi majaribio na viza kupitia timu ya Ujerumani, mkimbie. Klabu ya kijiji haina uwezo wa kumpa mtu viza. Na kwa walio chini ya miaka 18, kanuni za FIFA zinazuia uhamisho wa kimataifa isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhamia nchi hiyo kwa mambo yasiyo ya mpira.

Hakikisha bima yako ya afya iko sawa. Aliyeajiriwa zaidi ya wiki nne akiumia mchezoni analipwa mshahara wake hadi wiki sita, mradi apeleke taarifa ya ugonjwa mapema.

6. Chukua kazi za pembeni

Hapa ndipo palipo na siri yenyewe, na ndipo wenzetu wengi wanapopapita. Tunadhani tutakubalika kwa mabao. Mabao yanapendwa Jumapili jioni, halafu Jumatatu kila mtu anarudi kwake. Anayekumbukwa ni aliyebeba magoli madogo kwenye mvua.

Mwezi wangu wa pili ilifika zamu ya kufua jezi. Nahodha alitaka kuniruka, kwa huruma, akidhani sina mashine. Nikasema nipe. Nikarudi na begi la jezi 16, limelowa, linanuka tope na dawa ya misuli. Nilizigeuza moja moja nje ndani, kwa sababu mikono ya jezi hujikunja na tope hubaki humo. Jezi namba 4 ilikuwa na doa la nyasi kiwikoni. Nililisugua kwa sabuni ya mche nilivyofundishwa na mama, kisha nikazifua kwa mizunguko miwili, maana mashine yangu ilikuwa ndogo. Nikazianika kibarazani, bluu na nyeupe, zote 16 zikipepea.

Mzee wa ghorofa ya juu, ambaye kwa miezi yote alikuwa akinijibu salamu kwa kutikisa kichwa tu, alisimama chini akazitazama. Akaniuliza, „Spielst du bei uns?“ Unacheza kwetu? Kumbe alichezea klabu hiyo ujana wake, na goti lake la kulia liliharibikia pale pale uwanjani. Jumapili iliyofuata alikuwepo nguzo ya pembeni, na mechi ilipoisha alinieleza kwa nini nisimame hatua mbili mbele zaidi.

Kwa hiyo ikitumwa orodha ya nani atachoma soseji, nani atauza keki kwenye mechi ya watoto, nani atakuja Jumamosi kuzoa majani makavu, andika jina lako miongoni mwa wa kwanza. Kama lugha haijakaa, chagua kazi yenye mtu wa pili. Mkichora mistari ya uwanja wawili kwa saa nzima, utazungumza Kijerumani zaidi ya mwezi mzima wa darasani.

7. Usikimbilie nyumbani

Baada ya mazoezi watu hukaa. Kreti la bia litafunguliwa, na hapo Mwislamu au asiyekunywa huona bora aondoke. Kaa. Chukua juisi ya tufaha yenye maji ya gesi, gonganisha chupa, mtazame mtu machoni mnapogonganisha. Faini za timu, za kuchelewa au kusahau soksi, zilipe siku hiyo hiyo. Siku yako ya kuzaliwa utatarajiwa kuleta kreti. Leta la soda, hutapingwa. Soseji nyingi ni za nguruwe, basi njoo na zako za bata mzinga na umwombe mchomaji aziwekee karatasi ya foili.

Ramadhani mwambie kocha wiki moja kabla, na mwombe mapumziko mafupi jua likizama. Si ombi geni. Aprili 2022, katika mechi ya Augsburg na Mainz, mwamuzi Matthias Jöllenbeck alisimamisha mchezo ili Moussa Niakhaté afuturu, jambo lililokuwa halijawahi kutokea Bundesliga.

8. Ukitukanwa

Litatokea, pengine mara moja, pengine zaidi. Nikiwa ugenini, mtu wa nyuma ya uzio alinitolea sauti ya nyani nilipokwenda kurusha mpira. Usijibu kwa ngumi, maana kadi nyekundu itakuwa yako na maneno yake yatasahaulika. Simama, mwite nahodha, mwende wote kwa mwamuzi, taka iandikwe kwenye ripoti ya mechi. Nahodha wetu aliukamata mpira akasema hatuchezi mpaka yule atoke. Hata ligi za kulipwa zimefika huko: tarehe 19 Desemba 2021 mechi ya Duisburg na Osnabrück ilivunjwa baada ya kuripotiwa kwamba Aaron Opoku, mchezaji wa Osnabrück, ametukanwa kwa rangi yake.

Tazama zaidi wenzako wanafanya nini baada ya hapo. Kama ni timu yako yenyewe inayocheka, zungumza na kocha mara moja, waziwazi. Msimu ukiisha bila mabadiliko, jitoe kabla ya tarehe 30 Juni ili ucheze kwingine mapema. Kuna klabu nyingine kilomita nne mbele.

9. Vuka baridi, kisha nyosha mkono

Kuanzia Desemba hadi karibu Machi ligi hulala. Huu ndio wakati upweke unarudi, na timu nyingi hupoteza wageni wake hapa. Nenda kwenye sherehe ya Krismasi ya timu hata kama husherehekei. Uliza mashindano ya ukumbini. Tafuta wawili wa kukimbia nao Jumapili msituni.

Halafu, mwanzoni mwa mwaka, utapata barua ya mkutano mkuu wa wanachama. Wachezaji vijana hawaendi, wanaona ni mambo ya wazee na hesabu. Nenda. Katika nchi ambayo wengi wetu hatupigi kura ya bunge, humo ndani unapiga kura, kwa sababu chama hakiulizi pasipoti yako ila uanachama wako. Mwaka wangu wa kwanza hoja ilikuwa taa mpya za uwanja wa pili. Tulibishana saa nzima juu ya bei ya nguzo. Mwenyekiti akaomba mikono, akapita akihesabu kwa kidole, meza hadi meza, na alipofika kwangu hakusita: akanitazama, akataja namba, akaendelea na yule mzee wa ghorofa ya juu aliyekaa pembeni yangu.